Friji Iliyovalishwa Kitambaa

Katika mtaa wa Umoja, Nairobi, kulikuwa na friji iliyokaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Ilikuwa friji ya Triza, ambaye majirani walimwita Mama Mitchelle. Jikoni nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Lakini huko jikoni nani angeiona?

Wapangaji wengine wa ploti yake, yaani nyumba za kupanga za uwanja mmoja, walikuwa na redio. Wawili watatu walikuwa na televisheni ndogo. Friji ilikuwa hiyo moja tu. Dishon, mume wa Triza, aliinunua kwa bosi mmoja wa kiwanda alichofanyia kazi, aliyekuwa akihama nchi. Ilikuja juu ya mkokoteni, imefungwa kwa kamba, na watoto wakaisindikiza wakiimba. Siku ile Triza alitembea nyuma ya mkokoteni polepole sana. Alitaka kila mtu apate nafasi ya kutazama.

Walipoiingiza ndani, Triza aliipamba. Juu yake alitandika kitambaa alichokishona mwenyewe kwa uzi mweupe. Akaweka maua ya plastiki na picha ya harusi. Ila mgongo wa friji haukumpendeza. Ulikuwa na vyuma vyembamba, vyeusi, vimejikunja kama utumbo. Mgeni akikaa karibu na mlango, aliviona kwa pembeni.

"Kitu kizuri hivi, mbona mgongo wake ni mbaya hivi?" Triza alimuuliza mumewe.

Basi akashona kitambaa kingine, kikubwa, chenye maua ya waridi. Akaufunika mgongo wote. Kisha akaisukuma friji hadi ukutani, ikabana kabisa. Mlango wake ulikuwa na kufuli, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Triza mchana na usiku.

Nje ya lango la ploti kulikuwa na kibanda cha maziwa. Mwenyewe aliitwa Sahro, lakini wengi walimwita Mama Jimale kwa jina la mwanawe. Kila alfajiri Sahro alichemsha maziwa. Kisha aliyapoza kwa kuisimamisha sufuria ndani ya karai la maji baridi. Mengine aliyagandisha yakawa maziwa mala. Jioni wanawake walisimama pale kungoja zamu zao, na siku hizo mazungumzo yalikuwa ni friji.

"Mimi chakula cha friji sikitaki," alisema Norah, jirani aliyepanga chumba kinachopakana na nyumba ya Triza. "Kinaleta baridi ya mifupa."

"Nani amekudanganya?" Triza akauliza.

"Shangazi yangu alifanya kazi kwa matajiri, kwenye nyumba yenye friji. Hadi leo magoti yanamuuma."

"Yanamuuma kwa kupiga deki, si kwa friji!"

Wanawake wakacheka. Norah hakukubali kushindwa.

"Na nyama ya friji haina ladha. Ni kama kutafuna sponji."

"Wewe hiyo nyama umeitafuna wapi, Norah? Maana kwangu bado sijakualika."

Wakacheka tena. Triza akanogewa. Akamgeukia Sahro aliyekuwa akipima maziwa.

"Na wewe, Mama Jimale, mpaka lini na hilo karai? Dunia imeendelea. Tafuta friji."

Sahro alitabasamu. "Karai langu bado halijaniaibisha, Mama Mitchelle," alisema, akampa maziwa yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Triza hakumwambia mtu. Friji ile ilikuwa ikinguruma. Kila iliponguruma, aliona bili ya stima ikipanda. Kwa hiyo kila usiku, kabla ya kulala, aliizima. Asubuhi akienda Mbotela kuuza nguo za mitumba za watoto, aliizima pia. Akirudi jioni, aliiwasha.

"Mlango umefungwa," alijiambia. "Hiyo baridi itatokea wapi?"

Jirani mmoja aliwahi kumpa neno. Huyo alikuwa Sista Teresiah, muuguzi wa kliniki, aliyeishi nyumba za upande wa pili. Siku moja alipita kusalimu, akakitazama kile kitambaa cha maua.

"Mama Mitchelle, friji haivalishwi nguo," alisema. "Inataka kupumua. Na usiibane na ukuta."

"Ndiyo, sista," Triza alijibu kwa adabu. Sista alipoondoka, Triza alimwambia mumewe, "Wivu huo. Ameona yeye hana."

Kitambaa kikabaki pale pale.

*

Mwezi wa Agosti habari ilifika kwamba Mzee Shiundu anakuja. Mzee Shiundu alikuwa baba yake Dishon, mkulima wa Butere. Hakuwa ameiona nyumba yao ya Umoja. Binamu mmoja ndiye aliyeleta ujumbe. "Mzee atafika Alhamisi jioni," alisema.

Triza alijua wajibu wake. Kwao, baba mkwe haletewi sukuma wiki. Huchinjiwa kuku. Na kuku akichinjwa, firigisi ni ya mzee. Mtoto haigusi. Mwanamke aliyeipika haionji. Firigisi isipoonekana kwenye sahani, mgeni anaweza kunawa mikono, akachukua bakora yake, akaenda zake bila kuaga.

Alhamisi Triza hakwenda Mbotela. Alichinja jogoo, akamkaanga, akamtia mchuzi mzito. Firigisi aliiweka juu ya vipande vingine, ionekane vizuri. Jioni ikafika. Mzee hakufika. Binamu alirudi na habari nyingine. Kulikuwa na matanga kule nyumbani, kwa hiyo Mzee angekuja Jumamosi.

"Basi tumle huyu kuku," Dishon alisema akimeza mate. "Jumamosi tutachinja mwingine."

"Mwingine yuko wapi?" Triza akauliza. "Na friji ni ya nini? Atakaa humo mpaka Jumamosi."

Akaibeba sufuria kutoka jikoni, ikiwa bado inafuka moshi, akaiingiza ndani ya friji. Akafunga kwa ufunguo. Mitchelle, binti yao wa darasa la tano, alitazama tu huku akila ugali na maharagwe.

Usiku ule Triza aliizima friji kama kawaida. Ijumaa alikwenda Mbotela, akaiacha imezimwa. Aliporudi jioni aliiwasha, na wakati wa kulala akaizima tena. Jumamosi asubuhi aliiwasha mapema, ili Mzee akifika akute maji baridi ya kunywa.

Mzee Shiundu alifika mchana. Alivaa kofia na koti zito, hata kwa jua lile. Mkamwana na baba mkwe wa kwao hawapeani mikono. Triza alimsalimu kwa mbali akiwa ameinama, akamwonyesha kiti. Mzee alikaa, akaitazama friji kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo ile wanayowekea maiti?" akauliza.

"Hapana, Baba," Dishon akacheka. "Hii ni ya chakula."

"Hm," Mzee akasema.

Punde si punde mtu alibisha hodi. Alikuwa Sahro, na mkononi alishika kikombe kikubwa kilichofunikwa.

"Nimesikia Mama Mitchelle amepata mgeni mkubwa," alisema. "Nimemletea maziwa mala. Si ya kuuza, ni ya kumkaribisha."

Mzee alifurahi sana. Aliyanywa yote, akapangusa masharubu.

Triza alikuwa jikoni. Alikuwa ameifunua ile sufuria ya kuku. Harufu ilimpiga puani. Haikuwa kali. Ilikuwa ndogo, ya uchachu, na juu ya mchuzi palikuwa na povu kidogo. Pua yake ilimwambia waziwazi, "Mwaga."

Triza alisimama na mwiko mkononi. Amwage kuku wa baba mkwe? Ampe nini? Aende sebuleni na sahani ya maharagwe, mbele ya friji yake iliyopambwa? Butere nzima ingesikia.

Akachukua vitunguu. Akachukua nyanya, pilipili na fungu zima la majani ya dania. Akaipasha sufuria mpaka ikachemka. Harufu ile ikajificha chini ya dania. Triza akajiambia kwamba moto umeua kila kitu. Akapakua, firigisi juu, akaipeleka sahani kwa magoti.

Dishon alikuwa ameitwa kiwandani kufanya zamu ya ziada. Kuku alikuwa wa mgeni, kwa hiyo Triza na Mitchelle walikula mboga jikoni. Mzee Shiundu alikula peke yake. Firigisi aliila kwanza. Aliitazama kidogo, kisha akaiingiza mdomoni yote.

*

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumbani kwa Triza mambo yaligeuka. Wenyeji walipona, mgeni akaugua.

Jumapili asubuhi Mzee Shiundu alikuwa akitapika na kuharisha. Choo cha ploti ile kilikuwa cha wote, nje, karibu na kamba za nguo. Kila aliyekuwa akifua alimwona mzee wa watu akienda mbio ameshika koti, akirudi akijikongoja, na kabla hajafika mlangoni anageuka tena. Triza alitamani ardhi ipasuke. Hata kumshika mkono hakuweza, maana alikuwa baba mkwe. Alisimama tu na birika la maji, akitazama chini.

"Baba alikula nini jana?" Dishon akamuuliza nje, karibu na kamba za nguo.

"Alikula kuku," alisema. Kisha mdomo ukaendelea wenyewe. "Na yale maziwa ya Mama Jimale."

"Maziwa!" Dishon akapiga makofi. "Si ni hayo!"

Triza hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Aliliacha neno lining'inie, kama nguo kwenye kamba. Na nyuma ya shuka lililoanikwa alikuwepo Norah, masikio wazi.

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imezunguka ploti tatu. "Maziwa ya Sahro yamemwangusha mzee." Kila aliyeipokea aliiongezea chumvi. Wengine walisema mzee amezirai. Jioni ya siku hiyo watu walipita kibanda cha Sahro bila kusimama, wakaenda kununua maziwa ya pakiti dukani.

Sista Teresiah aliposikia mzee anaugua, alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Alimpima Mzee joto, akambinya ngozi ya mkono, akamwangalia ulimi.

"Anapoteza maji mengi," alisema. "Tuyarudishe. Nipe maji safi lita moja, yaliyochemshwa na kupoa. Sukari na chumvi pia."

Triza akaleta. Sista alipima huku akieleza, ili kila mtu aone.

"Sukari vijiko sita vya chai, vya kusawazisha, visifurike. Chumvi nusu kijiko tu, isizidi. Koroga. Mzee anywe kidogo kidogo, na kila akitoka chooni anywe kikombe. Akitapika, ngojeni kidogo kisha aendelee polepole."

"Tusimnyime chakula tumbo lipumzike?" Dishon akauliza.

"Hapana. Akitaka uji, mpe. Mkiona damu, au homa kali, au akishindwa kunywa, au asipopata mkojo, msingoje. Mleteni kliniki mara moja. Sasa niambieni, alikula nini?"

"Maziwa ya pale nje," Dishon akajibu haraka.

"Nani mwingine aliyanywa?"

"Yeye tu. Lakini Mama Jimale huuzia mtaa mzima."

"Kuna mwingine aliyeugua?"

Dishon akakuna kichwa. "Sijasikia."

"Hata mimi kliniki sijapata mwingine," Sista alisema. "Na kuku?"

Triza alijifanya hakusikia. "Nikuletee maji baridi, sista?" akauliza, akaenda kwenye friji. Lilikuwa kosa, maana Sista alimfuata. Aliweka mkono pembeni mwa friji, akaupenyeza nyuma ya kile kitambaa cha maua, akauondoa upesi.

"Mama! Hapa ni kama pasi!"

"Si ni mashine, sista? Mashine hupata moto."

"Ndiyo, na huo moto unatakiwa utoke. Sikiliza. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani inalitupa nje kupitia hivi vyuma. Ukivifunika na kuvibana ukutani, joto linaenda wapi?"

"Linabaki," Triza akasema polepole.

"Linabaki. Basi friji inafanya kazi bila kupumzika, inakula stima nyingi, na bado ndani hakuna baridi ya kutosha. Huwa inanyamaza wakati mwingine?"

"Hainyamazi. Inanguruma tu."

"Friji iliyo nzima hunguruma kisha ikanyamaza. Ikishapata baridi, inajizima yenyewe. Joto likiingia, inajiwasha. Haina haja ya mtu kuizima. Wako wanaozima usiku wakidhani wanaokoa stima."

Triza alihisi masikio yakiwaka.

"Na wakizima?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Baridi inakwisha. Saa chache tu, hasa ukiifungua. Chakula kinaanza kuharibika humo ndani, umekifungia kwa ufunguo. Asubuhi unawasha, kinakuwa baridi tena, unadhani kiko sawa. Baridi haifufui chakula kilichoharibika, mama. Inakifanya tu kionekane kizima."

"Lakini ukikichemsha sana?"

Sista akamtazama. Triza akatazama sakafu.

"Vijidudu vingine hufa kwa moto," Sista akasema taratibu. "Lakini sumu ambayo vimekwisha kuiacha inaweza kubaki, hata uchemshe mpaka sufuria itoboke. Na viungo haviondoi sumu. Vinadanganya pua tu. Chakula kikitia shaka, kimwage."

Sista hakuuliza zaidi. Alimuaga Mzee, akaahidi kurudi. Triza alibaki amesimama mbele ya friji yake. Alikuwa na haya hata ya ile picha ya harusi. Mle nyumbani, yeye peke yake ndiye aliyejua.

*

Jumatatu Mzee alianza kupata nafuu. Alikunywa uji, akakaa kwenye kiti cha sebuleni. Triza aliomba Mungu jambo lile lipite, lisahaulike kama yanavyosahaulika mengi.

Jioni alitoka kununua sukari. Ilibidi apite kibandani kwa Sahro. Sahro alikuwa ameketi peke yake. Mitungi ilikuwa imejaa. Upande wa pili wa barabara, dukani, wanawake walewale waliokuwa wakicheka naye walijipanga kununua maziwa ya pakiti. Sahro alisimama, akainua mtungi mmoja wa maziwa, akaumwaga wote kwenye mtaro. Maji ya mtaro yakawa meupe.

Triza alitaka kupita haraka. Sahro akamwona.

"Mama Mitchelle! Mzee anaendeleaje?"

"Afadhali," Triza akasema. Hakuweza kuinua macho.

"Alhamdulillahi. Nimekosa usingizi juu yake. Nimejiuliza, nilikosea wapi? Sufuria niliiosha. Maziwa niliyachemsha." Sahro alitoa ndimu mbili mfukoni mwa aproni. "Mpe hizi, ale na uji. Na mwambie anisamehe."

Triza alizipokea zile ndimu. Zilimchoma kiganjani kama makaa. Mtu aliyemkosea alikuwa akimwomba msamaha! Triza hakukumbuka tena sukari. Aligeuka, akarudi nyumbani karibu mbio.

Mzee alikuwa sebuleni pamoja na Dishon. Triza alisimama kwenye mlango wa jikoni, uso ameugeuzia ukutani, maana hakuwa amewahi kusema maneno mengi mbele ya baba mkwe. Na sasa alipaswa kusema habari za tumbo lake.

"Baba," alisema. "Maziwa hayakuwa na kosa."

Dishon akageuka. "Unasema nini?"

"Ni kuku. Nilimpika Alhamisi. Nilimtia kwenye friji akiwa moto. Na friji huwa naizima usiku. Naizima hata nikienda Mbotela." Machozi yalimtoka. "Na Jumamosi nilisikia harufu. Nilisikia, Baba. Nikaifunika na dania. Niliona aibu kukupa maharagwe."

Friji tu ndiyo iliyonguruma. Triza alingoja kufukuzwa.

Mzee Shiundu alikohoa. "Hata mimi niliisikia," alisema.

"Baba?" Dishon alishangaa.

"Ile firigisi. Niliishika, pua ikaniambia, Shiundu, rudisha sahanini. Nikaona aibu. Mkamwana amekutunzia firigisi tangu Alhamisi, utairudishaje? Mzee anayekataa firigisi amemtukana aliyempikia. Nikaimeza bila kutafuna." Akatikisa kichwa. "Yeye alijua, mimi nilijua, na sote tukanyamaza kwa heshima. Heshima gani hii ya kulishana sumu?"

Dishon alitaka kucheka, lakini Mzee hakuwa akicheka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hilo la kuku ni letu wawili," alisema. "Lakini yule mama aliniletea kikombe kwa mkono wake, bure. Ninyi mmemlipa nini? Nileteeni viatu vyangu."

"Baba, bado huna nguvu."

"Viatu, Dishon."

Wakatoka. Mzee alitangulia na bakora yake, mwanawe akimshika mkono. Triza alifuata nyuma. Alikumbuka siku ile alipofuata mkokoteni wa friji. Hata leo alitembea polepole, na hata leo watu walitazama. Lakini safari hii angelipa chochote wasitazame.

Mzee alisimama mbele ya kibanda. Aliongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe bondeni.

"Mama! Yale maziwa yako mala yamebaki?"

Sahro alibabaika. "Yapo, Mzee. Lakini..."

"Nipe kikombe. Kikubwa, kama kile."

Wanawake wa dukani waligeuka. Norah aliiacha pakiti yake juu ya meza, akasogea. Mzee alikipokea kikombe, akanywa polepole mpaka chini, akapangusa masharubu. Kisha akamtazama Triza.

Triza alijua zamu yake imefika.

"Mzee hakuugua kwa maziwa," alisema. "Aliugua kwa kuku wangu aliyeharibika. Nilijua, na nikaacha yasingiziwe maziwa ya Mama Jimale. Kosa ni langu."

Mtu mmoja akaguna, na mwingine akacheka kidogo. Triza alihisi uso ukimwaka hadi shingoni, pale ulipokuwa ule ufunguo.

"Si nilisema mimi?" Norah akapaza sauti. "Friji ni mbaya!"

"Friji si mbaya, Norah," Triza akajibu. "Mimi ndiye sikujua kuitumia. Na aliyejua aliponiambia, nilisema ana wivu."

Norah akarudi mezani kuchukua pakiti yake. Alitazama kando. Yeye ndiye aliyelibeba lile neno kutoka kambani.

Sahro alikuwa akiosha kikombe cha Mzee. Alikiosha kwa muda mrefu, ingawa kilikuwa kimetakata.

"Maneno yako yamechelewa, Mama Mitchelle," alisema mwishowe. "Maziwa yamekwenda mtaroni. Lakini maneno yamefika." Akashika kipimo chake. "Wewe huchukua nusu lita. Lete chombo."

*

Siku ya pili Dishon na Sista Teresiah waliivuta friji kutoka ukutani. Waliacha nafasi ya kupitisha mkono vizuri. Kitambaa cha maua kiliondolewa. Ile jioni friji ilinguruma, kisha ikanyamaza. Mitchelle alidhani imeharibika. Triza alimweleza, kama alivyoelezwa yeye.

Tangu hapo hakuizima tena. Chakula alikiacha kipoe kwanza, akakigawa kwenye vyombo vidogo, akakitia ndani kabla ya muda wa saa mbili kupita. Hakukiweka siku nyingi. Nyama mbichi ilikaa chini, isidondoshee vyakula vingine. Bili ya stima ilipokuja, Dishon aliisoma mara mbili. Ilikuwa imepungua.

Kitambaa cha maua Triza alikifua, akakipiga pasi, akampelekea Sahro afunikie mitungi, nzi wasiingie. Sahro alikipokea bila maneno mengi. Kila jioni Triza alikiona pale, na kila alipokiona haya ilimshika upya. Lakini alikwenda, akasimama zamu yake kama wengine. Norah alimtania mara kwa mara. Triza alivumilia, kwani alijua anavuna alichokipanda mwenyewe.

Desemba Mzee Shiundu alikuja tena. Safari hii Triza hakuchinja mpaka alipomwona Mzee amekaa, kofia ameivua, na kikombe cha maziwa mala cha Sahro kiko mkononi. Kuku alipoiva, aliipeleka sahani kwa magoti, firigisi juu, akarudi nyuma hadi mlangoni.

Mzee aliishika firigisi. Aliileta puani, akainusa waziwazi, kwa kelele, huku Dishon na Mitchelle wakitazama. Mitchelle akaangua kicheko. Triza aliinamisha uso. Hata sasa iliuma.

Lakini Mzee hakuila. Alichukua kisu, akaikata firigisi katikati.

"Mama Mitchelle," aliita. "Njoo."

"Baba?"

"Tumesema miaka yote, aliyeipika haionji. Ndiyo maana tulikaribia kuzikana. Katika nyumba hii, kuanzia leo, aliyeipika ataionja kwanza."

Triza alisogea, akapiga magoti, akapokea kile kipande kwa mikono miwili. Alikuwa amepika firigisi tangu alipoolewa. Aliitia mdomoni, macho chini, akaitafuna polepole. Siku ile ndipo alipojua ina ladha gani.